Kovu la Korosho

"Ami Nguma, mbona hukusema?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, mwaka 1944, vita vingali vinapiganwa. Alikuwa ameketi kizingitini mwa nyumba yake, huku kwetu Likoni upande wa Timbwani, na mkono wake wa kushoto, uliokuwa bado na kidonda, ameupakata kama mtoto mchanga. Kisha akaniambia nikamletee kaa la moto awashie kiko chake. Niliporudi na kaa langu juu ya kigae alikuwa amekwisha kulala, au alijitia kulala, nami nikasimama pale mpaka kaa likazimika.

Jambo ambalo hakulisema nitalieleza hivi sasa, maana yeye mwenyewe amenipa ruhusa. Lakini kwanza mumjue Nguma.

Nguma wa Mwarandu si ndugu yetu wa damu. Namwita ami kwa kuwa ni jirani, na kwa kuwa baba yangu, Thoya, alipochukuliwa kwenda kupigana na Wajapani huko Bama alimwambia, "Nguma, nakuachia mlango wangu." Ni mtu mfupi, nyayo zake zimepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, na vidole vya miguu vimeachana kila kimoja kikienda njia yake. Miguu hiyo aliipata minazini. Nguma ni mgema.

Siku zile alikuwa na minazi saba aliyoikodi kwa Mwinyihaji, mzee wa mtaa wetu. Kila mnazi alikuwa ameupa jina. Mmoja uliopinda akauita Karani, kwa kuwa ulikaa kama mtu aliyeinama anaandika. Mwingine aliuita Mwari, maana ulimpa tembo kidogo kidogo, kwa haya. Mimi nilipenda kusimama chini nikamwangalia akipanda, akipungua, akipungua, mpaka akawa kitu kidogo cheusi kati ya makuti, na sauti yake ikanishukia kana kwamba ni mti unaosema.

"Kanze! Bado upo?"

"Nipo, Ami!"

"Basi dunia haijaondoka."

Kugema si kama kuchota maji kisimani, ukaenda upendapo. Karara changa la mnazi, ala ya maua ambayo haijafunguka, hufungwa kamba, ncha yake hukatwa kwa kotama, kile kisu kilichopinda cha wagema, na kibuyu hutundikwa chini yake. Tone la kwanza likishuka, mgema naye amefungwa. Lazima apande asubuhi, adhuhuri na jioni, kila siku ya Mungu, aikate tena ncha ile kwa unene wa ukucha. Akikosa siku mbili tatu, kidonda cha mti hujifunga, karara hukauka, na mnazi hunyamaza. Wala hawezi kumtuma mtu mwingine. Kwetu husemwa kwamba mnazi hujua mkono, na ukipandwa na mkono mgeni hununa.

Watu hawakukosa la kumtania. Walimtupia ile methali ya mgema na sifa, naye akawajibu, "Tembo langu hata ulitukane ni lile lile." Mzee wa kanisa letu, Gershom, alikuwa akituma chupa ijazwe tembo, akisema ni dawa ya tumbo. Nguma alisema hajapata kuona tumbo lenye adabu kama lile: laumwa siku sita, ya saba lapumzika.

Basi mwaka ule ndui ikaja. Ilianza kwa maneno tu. Mara iko Kwale. Mara imeonekana Changamwe. Mara kuna mtu ameshushwa kwenye feri kajifunika shuka gubigubi. Sikumbuki siku iliyofika. Nakumbuka tu kwamba watu waliacha kukaribishana chakula, na kwamba kisimani wanawake walianza kusimama mbalimbali.

"Mimi sichanjwi," mmoja alisema akivuta kamba ya ndoo. "Ile dawa ni usaha wa ndama. Kaniambia mtu aliyeona."

"Ndama wa nani?"

"Nitamjua mwenyewe?"

Wakacheka. Mwingine akasema ndama si kitu, hatari ni ile alama inayobaki mkononi. Mwanamume mwenye alama amekwisha hesabiwa. Siku moja utasikia wenye alama wote wapande meli, wakaonane na Wajapani.

"Na wanawake je?"

"Wanawake hukauka maziwa."

Mama yangu, Mbeyu, alikuwa pale, na mdogo wangu Phineas wa miezi minne amelala mgongoni mwake. Nilimwona tu akipeleka mkono nyuma, akimgusa mtoto mguu.

Mwinyihaji alipita nyumba kwa nyumba na bakora yake. "Wallahi nawaambieni, mimi nimezika watu wa ndui nikiwa kijana. Mtu mzima unamwinua na ngozi yabaki mkekani. Usaha wa ndama kwangu ni marashi." Wengine wakasadiki. Wengine wakasema mzee huyu ametumwa.

Siku ya chanjo tulipangwa mstari kwenye uwanja wa kanisa. Mchanjaji alikuwa Justus, dresa wa hospitali, kijana mrefu wa kutoka bara, mwenye Kiswahili cha kukatakata kama kuni. "Wewe mtoto kuja hapa," aliniambia, na wakubwa wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao huku akinishika mkono. Akatia tone, akakwaruza. Mimi nilitaka kuona dawa ikiingia. Nilitazama kwa makini hata nikasahau kulia. Niliona tone tu limelala juu ya ngozi yangu, na ndani yake mbingu yote, ndogo kama punje ya mtama.

Mama alinipeleka, lakini yeye mwenyewe hakuchanjwa wala hakumtoa Phineas. Alisema, "Nitakuja kesho." Kesho yake Justus alikuwa amekwenda Mtongwe.

Nguma naye alifika. Alisimama kando ya mstari na kotama kiunoni, akamwangalia mtu aliyechanjwa kule feri wiki moja kabla, mkono umevimba kama muhogo, hawezi hata kuinua shuka lake.

"Huchukua siku ngapi?" alimwuliza Justus.

"Kumi. Ingine kumi na nne. Na homa kidogo."

"Haya. Napanda mara moja, nikishuka nitakuja."

Akaenda akapanda, na mtu angeweza kusema hakushuka.

Baadaye likatoka agizo: asiye na alama ya chanjo asiuze kitu cha kutiwa mdomoni. Askari watakuja kutazama mikono. Siku mbili baada ya agizo hilo, mchana, saa ile ambayo hata kuku hulala, nilimkuta Nguma nyuma ya nyumba yake. Alikuwa amepasua korosho mbichi kwa kotama na ganda lake analikandamiza juu ya mkono wake wa kushoto, mafuta yake meusi yakitambaa. Mtu yeyote wa pwani anajua mafuta yale. Huchoma ngozi, hufanya lengelenge, na kovu lake haliondoki. Alikuwa ameuma meno, na machozi yanamtoka bila ya yeye kulia.

"Ami, wafanyani?"

Akashtuka. "Najichanja."

"Kwa korosho?"

"Njoo hapa, Kanze. Sikiliza. Mimi dawa yao siikatai. Lakini mkono wangu ukivimba siku kumi na nne, Karani atanyamaza, Mwari atanyamaza, wote saba watanyamaza. Nitawaambia nini? Nilikuwa mgonjwa? Mti hauna pole." Akafuta mafuta kwa jani. "Usimwambie mtu. Hata Nyamvula."

Nyamvula ni mkewe.

"Simwambii."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Baada ya wiki tatu lilikuwa kovu zuri kuliko yetu sote, jeusi, la mviringo, kubwa kama kifuniko cha kibuyu chake. Nyamvula alilitembeza mtaani kana kwamba ni lake. "Mume wangu alichanjwa kule feri, wala hakupepesa jicho!" Askari alipokuja alilitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake.

Kisha mama akaugua.

Ilianza kwa homa na maumivu ya mgongo. Siku ya tatu nilipomletea maji niliona madoadoa kwenye paji la uso, mekundu, madogo, na nikafikiri ni mwanga unaopenya kwenye makuti. Nikasogeza mlango. Mwanga ukaondoka, madoa yakabaki.

Walimchukua kwa kitanda mpaka kambi ya ndui, banda la makuti lililojengwa ng'ambo ya mashamba ya mihogo, karibu na mikoko. Phineas alichanjwa siku ile ile, na sisi wawili tukahamia kwa Nyamvula, aliyekuwa akinyonyesha mtoto wake. Akamtia Phineas ziwa la pili bila kuuliza. Mimi niliota kila nilipofumba macho. Niliota mama anaita maji kutoka ndani ya mnazi, nami naugonga mti kwa ngumi na hauna mlango.

Kambini walikuwa wagonjwa kumi na mmoja, na Justus peke yake. Alileta habari kwamba wanaungua kwa kiu, na yeye hawezi kuwauguza akawachotea maji pia. Mwinyihaji akaita watu uani kwake.

"Natafuta mtu wa kupeleka maji na uji," alisema. "Asubuhi na jioni. Awe na alama, dresa asema mwenye alama ndui haimshiki."

Wenye alama walikuwa wengi. Kila mmoja alianza kuitazama ya mwenziwe.

"Yangu haikutoka vizuri," alisema mmoja.

"Mimi nina mguu."

"Kila mtu ana mguu, bwana!"

"Wangu waniuma."

Gershom akakohoa, akasema yeye angekwenda, ila lile tumbo. Ndipo sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Mbona Nguma yupo? Lile kovu lake ndui ikiliona itamwamkia shikamoo!"

Watu wakacheka, kicheko cha watu walionusurika. Macho yote yakamgeukia. Nguma alikuwa ameegemea nguzo, amevaa fulana isiyo na mikono, na kovu lake laonekana na kila mtu. Rangi ya uso wake ilibadilika, ikawa kama majivu. Nyamvula akasema kwa fahari, na kwa hofu pia, nilisikia, "Mume wangu amechanjwa barabara."

Nilijua mimi. Kati ya watu wote wale uani, tuliojua ni mimi na yeye tu. Akienda, huenda akafa. Lilitakiwa neno moja: korosho. Lilikuwa ulimini mwangu, na ladha yake chungu naijua mpaka leo. Lakini ningelisema, nani angempelekea mama yangu maji? Nilitazama vidole vyangu vya miguu nikavihesabu. Vilikuwa kumi. Nikavihesabu tena.

Nikamsikia Nguma anasema, "Mitungi iko wapi?"

Yaliyotokea kambini nimesimuliwa na mama. Alikuwa amelala karibu na mlango, macho yamevimba hayafunguki ila kwa uzi mwembamba, na chini ya pazia la makuti aliona miguu inakuja. Miguu tu, iliyopasuka, vidole vimeachana, na juu yake sauti ya maji yakicheza mtungini. Kwa homa ile alidhani maji yameota miguu, yamechoka kungoja kuchotwa, yamekuja yenyewe. Anasema hajaona kitu kizuri kama kile, hata siku ya harusi yake.

Nguma alimwinua kichwa akamnywesha. Aliwanywesha wote kumi na mmoja. Alipomaliza, Justus akamshika mkono wa kushoto, akamtoa kwenye jua pale pale mlangoni, akaligeuzageuza kovu.

"Hii ulichanjwa na nani?"

"Na serikali."

"Serikali ya korosho," alisema Justus. "Mimi nimetoka bara lakini si kipofu. Nimeona kama hii huko Kilifi. Huyo mtu tulimzika."

Mama alisubiri kusikia Nguma akikana.

"Utanipeleka kwa askari?"

"Nikupeleke, nani atabeba maji? Sikia. Ndui ikiingia leo na dawa ikiingia kesho, dawa inakimbia mbio zaidi. Inaifikia. Lakini siku tatu zikipita, hapana. Kaa chini nikuchanje."

"Minazi yangu je?"

"Minazi yako imeugua?"

Mama aliona vidole vya miguu vya Nguma vikijikunja mchangani, vikajikunjua. Kisha akasema, "Nipe mpaka kesho asubuhi."

Jioni ile niliiona mwenyewe, nikiwa na Phineas mgongoni. Justus alikuwa amemwonya Nguma asimkaribie mtu, kwa hiyo aliponiona akaniashiria nisimame mbali, nami nikasimama penye mihogo. Alianza na Karani. Alikaa juu kwa muda mrefu kuliko kawaida, na nilimsikia anasema, lakini si na mimi. Hakuniuliza kama nipo. Upepo ulikuwa mwepesi na makuti yalikuwa yakipepeta mwanga, yakiumwaga chini, yakiuokota tena, hata nikawa sina hakika kama ni yeye anayepanda au ni mti unaoshuka.

Kisha likaanguka karara. Alikuwa amelikata lote, si ncha. Likafuata la mnazi wa pili. Akaenda mti kwa mti akiyakata makarara na kuvifungua vibuyu, mpaka ule wa saba, Mwari. Hakutaka yakauke yakimngoja. Aliposhuka, alishika shina la ule wa mwisho kwa viganja vyote viwili, akatoka pale akipitia njia ya mbali, asinipitie karibu.

Asubuhi Justus akamchanja chini ya lile kovu la uongo. Siku ya nane mkono ulivimba, homa ikampanda, na bado alibeba mtungi kwa bega la kulia. Alikula kule kule na kulala kule kule. Ndui haikumshika. Kati ya wale kumi na mmoja walikufa wanne. Mama yangu hakufa. Alirudi na uso mpya, wenye mashimo madogo madogo, ambao mwanzoni Phineas aliulilia. Maziwa aliyoyaogopea yalikuwa yamekwisha, na yalikaushwa na homa, si chanjo.

Sasa mambo yalikuja kunichanganya. Justus aliporudi kuchanja, mstari ulifika mpaka barabarani. Wale wa usaha wa ndama walikuja. Wale walioogopa meli ya kwenda Bama walikuja. "Nguma kaingia kule akatoka mzima," walisema, "kovu lile ni kinga kweli." Gershom alisimama kanisani akamtaja kwa jina, akamwita shahidi wa chanjo. Nguma alikuwa benchi la nyuma, karibu na mlango. Aliinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Siku ile ndipo nilipomfuata nyumbani, nikamwuliza lile swali, akanituma kaa la moto.

Nimemaliza miaka mitano nikilibeba. Sasa nina miaka kumi na minne, nasoma shule ya misheni, na mwalimu hunikemea kwa maswali yangu. Baba alirudi, amekonda, hapendi kuulizwa habari za Bama. Minazi ile saba Mwinyihaji aliikodisha kwa mtu mwingine. Nguma alishona makuti ya kuezekea kwa miaka mitatu, na sasa anagema tena minne, ambayo hajaipa majina.

Jumamosi iliyopita nilimkuta barazani kwake akisokota kamba. Makovu mawili yako pale mkononi, kubwa na dogo, dogo limejificha chini ya kubwa. Nilimshikia ncha moja ya kamba. Nikamwuliza tena, maneno yale yale.

Safari hii hakutaka kaa.

"Nilitaka kusema," aliniambia. "Uani kwa Mwinyihaji neno lilikuwa hapa, kooni. Lakini nikaona haya, kovu wameshalisifu, mke wangu ameshajisifu. Nikafikiri, yuko mtu mmoja anayejua. Akilisema yeye, mimi nitakuwa sikulisema, na nitapona. Nikakutafuta kwa macho. Nikakuona nyuma ya leso ya Nyamvula, wahesabu vidole vya miguu. Nikangoja. Kanze, nilingoja sana. Hukuinua kichwa. Nikasema moyoni, huyu ana mamake kule. Ndipo nikauliza mitungi iko wapi."